Hesabu ya Bi Sarufi

Kila siku ya kazi, saa kumi na nusu jioni, Bi Sarufi hufika kwenye njia panda iliyo mbele ya benki, husimama kidogo kama mtu aliyesahau ufunguo, kisha hukata kushoto. Nyumbani kwake ni mbele moja kwa moja, mwendo wa dakika nane. Akikata kushoto hupita nyuma ya mafundi wa matairi, akaruka mtaro, akaambaa na ukuta wa uwanja wa mpira, akafika baada ya dakika ishirini na tano, viatu vimejaa vumbi. Mvua ikinyesha hukata kushoto vilevile. Mwalimu wa hesabu alipomuuliza, alijibu kwamba daktari amemwambia atembee.

“Daktari gani huyo anayekutuma mtaroni?” mwalimu wa hesabu akasema, na chumba kizima cha walimu kikacheka.

Bi Sarufi naye alicheka, akarudi kwenye madaftari yake. Daktari hakuhusika hata kidogo. Katikati ya ile njia iliyonyooka kuna duka la rangi, na ndani yake anafanya kazi binti aliyewahi kuwa mwanafunzi wake bora kuliko wote.

Bi Sarufi si jina lake, ni jina la wanafunzi, na wamerithishana kwa miaka zaidi ya thelathini. Ni mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na saba, miwani yake ina kamba, na kalamu nyekundu hukaa sikioni hata akienda sokoni. Orodha ya vitu vya sokoni huipigia mistari kwa rula. Hakuolewa, ukimchokoza kwa hilo husema aliolewa na madaftari, na kwamba ni waume wanaojua kunyamaza. Meza yake inatazamana na yangu. Mimi nafundisha Kiingereza vidato vya chini, yeye vidato vya juu, na nyuma ya kiti chake kuna kabati la chuma lenye fomu za vyuo. Ufunguo wa kabati hilo anao yeye peke yake.

Kila mwaka wanafunzi wa mwisho humjia na swali lilelile: wasome nini? Wale wanaopenda vitabu aliwachukulia karatasi nyeupe akawapigia hesabu. Juu aliandika laki saba, mshahara wa mwezi. Chini yake akaandika milioni tisa, mkopo wa miaka mitatu ya chuo. “Ukiweka kando laki mbili kila mwezi,” alisema, “unabaki na laki tano za kuishi kama mtu, na miezi arobaini na mitano umemaliza. Haifiki hata miaka minne.” Alipiga mistari miwili kwa rula chini ya jibu, akamgeuzia mwanafunzi karatasi. Wengi waliikunja taratibu na kuondoka nayo kama cheti.

Miaka tisa iliyopita karatasi hiyo alipewa msichana aliyeitwa Kamusi. Walimwita hivyo kwa sababu ukikwama neno darasani hukufungua kitabu, ulimgeukia yeye. Baba yake, mlinzi wa kiwanda cha sabuni, alitaka binti asomee umeme kwenye chuo cha ufundi: miaka miwili, ada ndogo, bila mkopo. Bi Sarufi alimfuata mzee huyo mpaka getini kwake kazini.

“Mzee, huyu ukimpeleka kwenye nyaya umemzika,” alimwambia. “Wala si ualimu. Ualimu utamchosha. Asome lugha yenyewe.”

Mlinzi aliisoma karatasi, akaitazama ile mistari miwili iliyonyooka, akasema, “Mwalimu, wewe ndiye unayejua.” Akatia sahihi akiwa amesimama, fomu ameiweka juu ya daftari la wageni.

Kamusi alikwenda chuo na kufaulu vizuri sana. Kisha Bi Sarufi hakusikia habari zake, mpaka siku moja, miaka mitatu iliyopita, alipoingia duka la rangi kutafuta rangi ya ubao. Sauti ndiyo aliyoitambua kwanza. Mtu alikuwa akimweleza mteja tofauti ya rangi ya maji na rangi ya mafuta kwa sentensi kamili, zilizopangika, kila moja imefika mwisho wake. Bi Sarufi, mguu mmoja bado uko kizingitini, akageuka akatoka. Kesho yake alikata kushoto, na akaendelea kukata kushoto.

Mwaka huu alikuja Redio. Ni msichana anayesoma matangazo ya asubuhi mstarini, na hata tangazo la choo kilichoziba hulisoma ukatamani lisiishe. Jumanne alikuja na mama yake, fundi cherehani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

“Huyu mwanangu ni Kiingereza asubuhi, Kiingereza jioni,” mama alisema kabla hajakaa vizuri. “Mimi sina neno. Lakini nasikia kuna mkopo, na mkopo ukiingia nyumbani unakula sahani moja na wewe. Kwa hiyo nimekuja kwenye hesabu. Wanasema wewe unayo.”

Bi Sarufi akavuta karatasi. Akaandika laki saba. Kalamu ikasimama.

“Mbona umeishia hapo, Mwalimu?”

“Mama, nipe mpaka Ijumaa.”

“Ijumaa si ndiyo mwisho wa fomu?”

“Ndiyo. Nitakusubiri hapa hapa.”

Redio alikunja uso. “Mwalimu, si ulituambia haifiki hata miaka minne?”

“Niliwaambia,” Bi Sarufi akasema. Hakumtazama.

Walipotoka, karatasi ilibaki mezani na ile laki saba yake. Mwalimu wa hesabu alipita, akaichukua kama achukuavyo kila karatasi yenye namba.

“Laki saba ya nani hii?”

“Mshahara wa mwalimu.”

“Mwalimu yupi? Anayeanza kazi hapati hivi. Hii ni yako wewe, tena ya miaka tisa nyuma, ukiwa umeshakula chaki miaka ishirini. Na kodi ya nyumba iko wapi? Aa, wewe walikupa nyumba ya shule. Na riba umeificha wapi, bibie, chini ya rula?”

Walimu wakaangua kicheko. Alikuwa anatania tu, na utani wao hao wawili una miaka mingi. “Haya tuambie,” akaendelea, “wewe mwenyewe ulikopa ngapi?”

“Sikukopa,” Bi Sarufi akasema. “Wakati wetu tulisomeshwa. Tukapewa na posho.”

Kicheko kikakatika. Mwalimu wa hesabu aliirudisha karatasi mezani polepole, akasema kengele inakaribia kulia, ingawa ilikuwa bado.

Chumba kilipokuwa kitupu, Bi Sarufi alinigeukia. “Mdogo wangu, wewe wanakukata ngapi?”

Mimi nina shahada ya Kiingereza na ualimu. Nilifungua droo nikampa hati yangu ya mshahara, maana ilikuwa rahisi kuliko kutamka. Mshahara laki sita na elfu ishirini. Makato ya bodi ya mikopo elfu tisini na tatu. Kati ya hizo, elfu arobaini ni riba. Nilikopa milioni nane. Aliipiga hesabu mara tatu, ya mwisho kwa kalamu nyekundu, na mara zote ikaja ileile: miaka kumi na miwili na ushee.

“Tumetazamana miaka miwili hapa,” alisema, “na sijawahi kukuuliza.”

Akanirudishia hati yangu kwa mikono miwili. Kisha akasema, zaidi kwa nafsi yake, kwamba mimi nilipata kazi mapema, na kwamba namba anayoitafuta siyo ya aliyepata.

Alhamisi jioni tulifuatana mpaka njia panda. Akasimama kama kawaida yake. Safari hii alienda mbele moja kwa moja, akitembea kama mtu anayeitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Yaliyotokea dukani alinisimulia kesho yake asubuhi, kabla ya mstarini, akiwa amefunga mlango.

Alimkuta Kamusi akifunga kopo kwa nyundo ya mpira, kiwiko kimoja kina rangi ya buluu. Mteja mmoja alikuwa mbele yake. Bi Sarufi akajisogeza kwenye brashi, akazitazama mpaka mteja akaondoka.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Leo umepita kwetu? Maana kule kwa mafundi wa matairi nimeshakuzoea.” Kamusi alionyesha dirisha kwa kidole. “Kioo hiki kinaona hadi njia panda. Bosi akisema, ‘Mwalimu wako huyo anakata kona,’ tunajua ni saa kumi na nusu, tunaanza kufagia.”

Bi Sarufi aliniambia kwamba hapo alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na kalamu yake.

“Miaka yote hiyo ulikuwa unaniona?”

“Yote. Mwanzoni nilidhani unadaiwa na bosi.” Kamusi akacheka, na kicheko chake ni kilekile cha darasani. “Nikataka nikulipie, hata kidogo kidogo. Nikamuuliza, akasema hakujui.”

Bi Sarufi alitafuta mahali pa kuyaweka macho yake, akayaweka kwenye kadi ya rangi. “Mwanangu, nimekuja kukuuliza jambo ambalo si adabu kumuuliza mtu.”

“Uliza tu. Hapa watu wananiuliza wapake rangi gani chumba cha kulala ili mke arudi. Hakuna lililobaki.”

“Unapata ngapi?”

Kamusi hakupunguza sauti. “Laki tatu na elfu ishirini.” Akafuta mikono kwa kitambaa chenye thina ya kutolea rangi, akatoa simu, akafungua ukurasa wa bodi ya mikopo, akailaza juu ya kaunta. “Nilikopa milioni tisa. Soma hapo nadaiwa ngapi leo.”

Ilikuwa milioni kumi na laki nane.

“Kwani hulipi?”

“Nalipa kila mwezi, elfu arobaini na nane, hata sizishiki. Zinakatwa kabla. Lakini mwaka wa kwanza nilizunguka shule zote, wanataka cheti cha ualimu. Mimi nilisoma lugha yenyewe. Miaka miwili iliyofuata ilikuwa vibarua vya hapa na pale, sikulipa, wakanitia faini na riba ikaanza kutembea. Sasa riba peke yake kwa mwezi ni elfu arobaini na tano. Kwa hiyo deni linapungua elfu tatu. Elfu tatu, Mwalimu, ni brashi ile ndogo ya kupaka pembeni.”

Bi Sarufi alianza kugawanya kichwani. Kamusi alimwona midomo inavyocheza.

“Usijisumbue, nimeshaipiga. Miezi elfu tatu na mia sita. Miaka mia tatu.” Akanyanyua kopo akaliweka kwenye rafu. “Nina hakika nitakuwa nimestaafu.”

Bi Sarufi hakucheka. Aliuliza habari za baba.

“Yupo, presha tu. Baada yangu alimpeleka mdogo wangu kwenye ule umeme. Anapata laki nne na nusu, mwezi mzuri tano, hadaiwi na mtu. Yeye ndiye anayenunua dawa za baba. Mimi humsomea gazeti.”

“Ananitaja?”

“Akikutaja anakuita ‘yule mwalimu aliyekuja getini.’ Karatasi yako anayo. Ipo kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja.”

Hapo, aliniambia, alishika kaunta. Alikuwa amejiandaa kulaumiwa. Alikuwa amepanga hata maneno ya kujibu, kwamba nyakati zimebadilika, kwamba nani angejua. Hakuna aliyemlaumu, na maneno yale yakabaki mdomoni hayana pa kwenda.

“Nina msichana mwingine,” alisema mwishowe. “Kesho anajaza fomu.”

“Anakipenda Kiingereza?”

“Kama wewe.”

Kamusi alikwangua rangi kwenye ukucha. “Usimkataze, Mwalimu. Wala usimpambie. Mwambie bei. Mimi hapa siruhusiwi kuuza kopo lisilobandikwa bei.”

“Na wewe unajuta?”

“Kusoma, sijuti. Nilifurahi kule mpaka naona haya kusema. Ila nilidhani nimeshajua bei.” Mtu aliingia akiuliza rola, Kamusi akanyoosha mkono kuichukua. “Tumia namba zangu. Jina liache.”

Hivyo ndivyo alivyonisimulia, na hakujipendelea popote. Kisha kengele ya mstarini ikalia, Redio akasoma matangazo kama kawaida yake, na baada ya kipindi cha nne mama yake akaingia, futi shingoni.

Mezani palikuwa na karatasi mbili. Bi Sarufi hakuwa amepiga mstari hata mmoja kwa rula.

“Mama, na wewe binti yangu, kabla ya kitu chochote,” alianza, “hesabu niliyokuwa nikiwapa watoto wenu ni mbovu. Si ya mwaka huu tu. Miaka yote. Niliandika mshahara wangu mimi, wa mtu aliyezeeka kazini, na nyumba ya bure. Riba sikuiweka. Wengine niliwapigia hesabu ya mshahara wa mwalimu, na papo hapo nikawaambia wasisomee ualimu. Na mkopo wenyewe mimi siujui. Sikuwahi kukopa.”

Mama aliitazama karatasi ya kwanza, iliyokuwa na namba zangu bila jina, kisha ya pili. Alisoma kwa kidole, bila haraka. Kwenye elfu tatu kidole kikasimama.

“Huyu ni mtu kweli au mfano?”

“Ni mtu kweli. Nilimfundisha mimi.”

“Alipata ngapi kwenye mtihani?”

“Alikuwa wa kwanza.”

Mama akashusha karatasi. “Na hesabu hii mbovu umewapa wangapi?”

“Arobaini na watatu,” Bi Sarufi akasema, bila kufungua daftari lolote. Nikajua kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala, aliwahesabu.

“Mimi nikikata kitambaa cha mteja vibaya, nanunua kingine,” mama akasema. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. “Wewe ukikata vibaya, ananunua nani?”

Bi Sarufi aliivua miwani yake, akaiacha ining'inie. Mwalimu wa hesabu, ambaye hakosi neno, alikuwa akisahihisha ukurasa uliokwisha sahihishwa.

Sauti ya Redio sasa haikuwa ile ya matangazo. “Kwa hiyo nisisome?”

“Sijasema hivyo.”

“Basi sema, Mwalimu! Juzi ilikuwa miaka minne, leo ni mia tatu. Nishike ipi?”

“Ushike zote mbili zilizo mezani, maana ni za kweli. Huyu wa kwanza alisoma Kiingereza na ualimu, akapata kazi upesi: miaka kumi na miwili. Huyu wa pili alisoma lugha peke yake, kwa ushauri wangu. Mbele yako wewe siijui. Nikikwambia naijua nitakuwa nimekudanganya tena.”

Mama aliomba kalamu. Akapewa ile nyekundu. Nyuma ya karatasi ya pili akaandika milioni tisa, akauliza ngapi kati ya hizo ni ada na ngapi ni chakula na malazi. Bi Sarufi akafungua kabati, akasoma: ada milioni nne, zilizobaki ni za kujikimu.

“Chuo hiki cha hapa mjini wanafundisha?”

“Wanafundisha. Na ualimu wake.”

“Basi atalala kwangu na atakula kwangu, na jioni atatia vifungo. Tunakopa ada tu.” Akamgeukia binti yake. “Unataka au hutaki? Kile chuo cha mabweni na marafiki zako sahau.”

Redio alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akasema anataka. Fomu ikajazwa. Mama aliusoma mkataba wa mkopo mstari kwa mstari, na kila alipofika neno gumu alimwambia binti yake asome yeye, kwa sauti. Ilichukua saa nzima. Kwenye kuaga alimpa Bi Sarufi mkono, akamshukuru kwa hesabu, na Bi Sarufi akaupokea mkono ule akiwa ameinamisha kichwa kama mwanafunzi anayepokea daftari lenye alama mbaya.

Tukabaki wawili. Alirudisha fomu kabatini, akafunga, akaketi huku ameshika ufunguo. Tangu asubuhi alikuwa ameniambia kila kitu cha kule dukani, lakini kuna jambo moja nilikuwa nimelingoja na hakulitaja. Mimi si mtu wa kuuliza watu wazima maswali. Nilimuuliza kama alimwomba Kamusi msamaha.

“Hapana,” alisema. “Nilitaka, na neno lilifika mpaka hapa kooni. Nikanunua kopo la rangi, nikamwambia abaki na chenji, nikatoka.”